Meno bila dawa ya usingizi: Jeki alihudumiwa, Chausiku akakataliwa

Kazi waliyomfanyia mbwa wangu ilikuwa safi, na ile waliyokataa kumfanyia paka wangu ndiyo iliyonifanya niwaheshimu. Ninachogombana nacho ni bango lao.

Ni saluni ya wanyama huku Kilimani. Wanaosha, wananyoa, wanakata kucha, na siku hizi wanasafisha meno bila kumlaza mnyama. Jeki ni mbwa wa kienyeji, umri umeanza kusogea, na magego yake ya juu yalikuwa yameshika ukoga wa kahawia, hasa lile kubwa la nyuma lililo karibu na mahali mate yanapotokea. Akikuhemea usoni unageuka. Nililipa shilingi 4,000 kwa M-Pesa.

Binti aliyemhudumia aliketi naye sakafuni kwanza, akamwacha amnuse, akamzoesha kuguswa midomo, ndipo akatoa kile chuma chenye ncha iliyopinda. Hakumfunga mdomo wala kumbana shingo. Jeki akigeuza kichwa, naye anaacha. "Mama Jeki, huyu ana subira kuliko wenye mbwa," akaniambia, nami nikanyamaza maana nilikuwa nimeshauliza mara kadhaa kama wamekaribia kumaliza. Ukoga ulikuwa ukibanduka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Walipomaliza, upande wa nje meno yalikuwa meupe na harufu imepungua sana.

Upande wa nje, nasema. Mbwa mzima ana meno 42, na upande wa ulimi hawakuufikia ila kwa kuchungulia, kwa sababu hakuna mbwa aliye macho atakayekaa ameachama mdomo muda wote huo. Chini ya ufizi ndiko hawakufika kabisa, na ugonjwa wa fizi unakula huko, mahali ambapo jicho halioni. Tena jino likishakwanguliwa hubaki na mikwaruzo midogo ambayo uchafu unaipenda. Kwa daktari hung'arishwa kwa mashine. Hapa walisugua kwa mswaki na dawa ya meno ya mbwa, basi. (Angalau ilikuwa ya mbwa. Baadhi ya dawa zetu zina xylitol, ambayo ni sumu kwao, na binti alilijua hilo kabla sijamuuliza.) Usipopiga mswaki nyumbani, utando mpya huanza kuwa mgumu ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo bango linaloandika "Usafi kamili wa meno" linaahidi kisichowezekana kwa njia hiyo, hata mikono iwe mizuri namna gani.

Chausiku nilimbeba siku hiyo hiyo kwenye kapu. Alikuwa ameanza kutafunia upande mmoja. Binti alimwinua mdomo, akaona wekundu kwenye ufizi wa jino moja la pembeni, akaushusha taratibu. "Huyu simgusi. Mpeleke kwa daktari apigwe picha." Hakunitoza hata senti.

Daktari alimpima damu, akamlaza kwa dawa, akamwingiza mpira wa kupumulia ili maji ya mashine yasimwingie mapafuni. Eksrei ikaonyesha jino limeliwa kuanzia kwenye mzizi. Si kuoza kama kwetu. Kwa paka ni ugonjwa wa kawaida, mwili wenyewe unalimung'unya jino. Likang'olewa. Nikifikiria chuma kile kingepita juu ya jino hilo akiwa macho, mwili unanisisimka. Bili ilikuwa mara kadhaa ya ile ya saluni, na sasa anatafunia pande zote mbili.

Jirani yangu anashikilia kwamba dawa ya usingizi inaua wanyama. Hatari ipo, zaidi kwa mwenye moyo au figo mbovu, na ndiyo maana damu hupimwa kwanza. Lakini daktari alinieleza kwamba hata AVDC, chuo cha madaktari wa meno ya wanyama cha Marekani, kinapinga usafishaji wa bila usingizi, kwa sababu meno yanayong'aa humfanya mwenye mnyama atulie wakati ugonjwa unaendelea chini. Ndicho kinachoniudhi kwenye lile bango. Binti anajua mpaka wa kazi yake; aliyeandika bango hajui, au anajua na anauza tu.

Jeki nitamrudisha, ila baada ya daktari kumkagua mdomo kwanza, na nitahesabu ile 4,000 kama pesa ya urembo, pamoja na kucha na shampuu. Paka simpeleki. Mkienda, mwombeni yule binti, na Jumamosi fikeni mapema: jirani kuna kuosha magari, na mashine zikianza kunguruma hakuna mbwa atakayefungua mdomo.