Kisu cha Echizen, nilichonunua kwa mhunzi mwenyewe

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia jikoni kwangu: yeni 28,000, pamoja na mpini. Kwa anayehesabu kwa shilingi za Tanzania, ni karibu laki tano. Kwa kisu kimoja cha jikoni hizo ni pesa nyingi, na sitajifanya si nyingi. Na wanaodhani ukinunua kwa fundi utakwepa faida ya mwenye duka, waondoe wazo hilo mapema. Bei ya karakanani na bei ya madukani Nagoya, ninakoishi, zilipishana kidogo tu, na nauli ya treni ikaimeza tofauti yote. Faida ya kwenda kwa fundi ipo, ila haiko kwenye bei.

Visu vya Kijapani vikitajwa, wengi wanaitaja Sakai, mji ulio kusini mwa Osaka, na mimi nilianzia huko. Sakai ilijipatia jina kwa visu vya kukatia tumbaku, hadi utawala wa Tokugawa, ulioongoza Japani enzi zile, ukawapa mafundi wake mhuri wa ubora. Hadi leo wapishi wa samaki wabichi wanapotafuta kisu chenye makali upande mmoja, mara nyingi kimetoka Sakai. Lakini kazi kule wameigawa: huyu anafua, yule ananoa, wa tatu anatia mpini, na muuzaji wa jumla ndiye anayewaunganisha. Mara nyingi jina lililochongwa ubapani ni la huyo muuzaji, si la aliyeshika nyundo. Siwalaumu, kwa sababu mtu anayenoa tu maisha yake yote anafikia mahali ambapo mimi na wewe hatuwezi hata kuona tofauti. Ila mimi nilitaka niseme na mtu mmoja aliyekifua kisu na kukinoa, nimuulize na anijibu. Sakai ningelazimika kugonga milango mitatu.

Nikaelekea Echizen, mkoa wa Fukui, upande wa bahari ya Japani. Kule nyumba nyingi za uhunzi zinafua na kunoa chini ya paa moja. Kutoka Nagoya unapanda treni ya Shirasagi hadi Tsuruga. Tangu Machi 2024 inaishia hapo, kwa sababu treni ya mwendo kasi, shinkansen, imefika. Ukishuka una njia mbili: shinkansen hadi Echizen-Takefu, au treni ya kawaida hadi Takefu yenyewe, kituo cha katikati ya mji wa Echizen. Mimi nilichukua ya kawaida, ni rahisi na inakuteremsha mjini.

Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka 1337 mfua panga aitwaye Chiyozuru Kuniyasu alitoka Kyoto akitafuta maji mazuri ya kuzimia vyuma vyake, akakaa hapo, na pamoja na panga za vita akawa anawafulia wakulima mundu. Mwaka 1979 serikali ya Japani iliuorodhesha uhunzi wa Echizen kuwa sanaa ya jadi, wa kwanza kati ya miji ya visu. Ukitaka kuona kazi kabla ya kununua, nenda Takefu Knife Village, karakana ya pamoja iliyofunguliwa mwaka 1993. Unasimama juu, kwenye ujia wa wageni, na chini yako wahunzi wanaendelea na shughuli zao bila kukujali. Kitu cha kutazama ni jinsi wanavyolaza bapa mbili za visu moja juu ya nyingine na kuzipitisha pamoja chini ya nyundo ya mashine, wakizigeuzageuza. Zikiwa mbili hazipoi haraka, na zinakonda sawasawa. Nilikaa pale hadi masikio yakaanza kuvuma.

Karakana niliyonunulia kisu changu si ya pale. Ni ya familia, kwenye mtaa wa nyumba za kawaida katika mji huohuo. Jina silitaji, maana nina malalamiko kidogo huko mbele. Niliwaandikia barua pepe kwa Kijapani changu cha kuunga, wakachelewa sana kujibu, na jibu lenyewe lilikuwa mstari mmoja: njoo Jumamosi, leta pesa taslimu.

Rafu yao ilikuwa na visu vichache kuliko nilivyotarajia. Mama mwenye nyumba alinieleza kwamba vingi vinaagizwa na maduka ya Ulaya na Marekani kabla havijatiwa mpini, kwa hiyo mgeni anayebisha hodi anachagua katika vilivyobaki. Hilo lijue kabla hujafunga safari. Ukiwa na umbo moja tu kichwani, na urefu mmoja tu, unaweza kurudi mikono mitupu.

Hakuniuliza bajeti. Aliniuliza natumia mkono gani, ubao wangu ni wa mti au wa kioo, nani mwingine pale nyumbani atakishika, na kama nikimaliza kukata huwa nakifuta kisu au nakitupa kwenye sinki. Halafu akauliza nakata nini. Nikamwambia: vitunguu vya pilau, tena kwa kilo, nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kabichi, na sukuma wiki inayotakiwa itoke nyembamba kama nyuzi. Ya sukuma hakuielewa. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi mama zetu wanavyolikunja fungu la majani, wakalishika kwa mkono mmoja na kulikata hewani bila ubao. Akapiga ukelele wa mshangao na kumwita mwanawe kutoka karakanani aje aone. Kijana akanitazama nikirudia, akatikisa kichwa. Kwa kisu chake, alisema, ubao ni lazima, la sivyo atakuwa ameniuzia njia ya kwenda hospitali.

Kijana alinipendekezea santoku ya milimita 170, umbo la kisu cha nyumbani kinachofaa kwa kila kitu. Nilikishika, kikanikaa vizuri, lakini kwa vipande vikubwa vya nyama nilikiona kifupi. Nikachukua gyuto, kisu kirefu cha mpishi, ya milimita 210. Sijajuta, ingawa kwa jiko dogo na ubao mdogo ningefuata ushauri wake.

Kwenye chuma ndipo mazungumzo yalipokolea. Alikuwa na visu vya VG10, chuma cha pua kinachotengenezwa papo hapo Echizen, na vya Aogami, chuma cha kaboni kinachotoka Yasugi, mkoa wa Shimane. Yasugi wana kingine pia, Shirogami, ambacho kimeachwa bila kuongezewa mengi na kinanoleka kwa urahisi. Aogami kimetiwa tangsteni na kromiamu, kwa hiyo makali yake yanadumu zaidi, lakini kinaomba muda zaidi kwenye kinoo. Vyote viwili vinashika kutu. Kijana alinishauri nichukue Aogami kilichobanwa katikati ya tabaka mbili za chuma cha pua, ili kinachobaki wazi kiwe ni ukanda mwembamba wa makali tu. Ukikiinamisha kwenye mwanga unauona mstari ambapo vyuma viwili vinakutana, una mawimbi madogo.

Mpini alinitilia palepale. Nilichagua mti mwepesi wa ho wenye shingo ya pembe ya nyati. Aliufunga ubapa kwa kitambaa kilichoroa ili joto lisiharibu makali, akaupasha mkia wa kisu kwa mwali wa gesi hadi ukawa mwekundu, kisha akauchomeka kwenye tundu la mpini. Moshi ukatoka, chumba kikajaa harufu ya mti ulioungua. Baada ya hapo akaushika mpini kisu kikiwa kimening'inia chini, akawa anagonga kitako chake kwa nyundo ya mti. Nilidhani kisu kitachomoka na kuanguka. Kumbe kila pigo lilikuwa linakipandisha ndani zaidi, hadi kikakaza.

Sasa matumizi. Kwenye kitunguu kinapita bila kusukumwa, na macho hayaniwashi kama zamani. Nyanya ya kachumbari haipondeki hata iwe imeiva sana. Nyama naikata kwa mvuto mmoja mrefu kutoka kisigino cha kisu hadi nchani. Makali yamegeuka rangi, yamekuwa ya kijivu yenye bluu kidogo, na hilo ni jambo la kawaida kwa chuma cha kaboni, si kutu. Kutu ni ile nyekundu, na inakuja haraka. Ukikata limau ukaenda kupokea simu, utaikuta. Nakifuta kwa kitambaa katikati ya kazi, nikimaliza nakiosha kwa mkono na kukikausha.

Udhaifu wake ni ugumu wake. Visu vingi vya Ulaya huwa na ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell, na hivi vya Aogami huzidi 60. Kwa hiyo vya Ulaya hupinda makali, hivi hubanduka. Shemeji yangu alikuja kututembelea, akakichukua apasue kuku wa barafu, na makali yakatoka mapengo mawili. Nilikirudisha karakanani kwa posta ya vifurushi. Walikikubali bila maswali, wakakitengeneza kwa pesa ndogo, kikarudi kikali kuliko nilipokinunua. Duka kubwa lingenielekeza kwa mtu mwingine. Hawa walikumbuka ni kisu gani na ni cha mtu gani, wakaandika kwenye karatasi kwamba kimenolewa pembe pana kidogo kwa ajili ya wageni wangu. Kejeli hiyo niliipokea.

Lalamiko ni kwamba nilisubiri zaidi ya mwezi, na barua zangu mbili za kuulizia hazikujibiwa. Lingine ni la mpini: pale pembe ya nyati inapokutana na chuma pana uwazi mdogo unaoingiza maji. Kwa bei ile ningetarajia wauzibe. Nimeuziba mwenyewe kwa nta ya nyuki.

Anayenunua kisu hiki anunue na kinoo cha namba 1000, yaani chenye chembe za wastani, akatafute wa kumfundisha kunoa. Asiyetaka kujifunza achukue VG10, au abaki na kisu chake cha sasa na kukinoa mara kwa mara, atapata nusu ya raha hii kwa senti chache. Nazi, mihogo na mifupa bado ni kazi ya panga. Mnaotumia mkono wa kushoto, semeni mapema, maana baadhi ya mipini imechongwa kwa wa kulia tu, na kisu cha makali upande mmoja kwa mshoto hutengenezwa kwa oda na bei hupanda.

Usikifungue njiani. Sheria ya Japani inakataza kutembea na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi, kwa hiyo kiache kwenye boksi lake kama walivyokifunga, na risiti iwe karibu. Kwenye ndege kiweke katika begi la kukabidhi. Kodi ya asilimia 10 mimi nililipa kwa kuwa ni mkazi. Mgeni wa muda mfupi anaweza kusamehewa, lakini kwenye maduka yenye kibali tu, na karakana ndogo kama hii haina. Waliko mbali wasitegemee kuagiza hapa moja kwa moja: niliuliza kwa niaba ya rafiki yangu wa Mombasa, nikajibiwa kwamba nje ya nchi wanauza kupitia maduka tu. Cha kwake nitakibeba mimi nikienda likizo, na ameshaambiwa alete pesa taslimu.