Reaper na salamu za dada wa Minnesota: uzoefu wangu wa kuhariri podikasti nikiwa Dar

Kazi hii niliielewa siku nilipokata salamu ya sekunde 41.

Mteja wangu wa kwanza wa nje ni dada mmoja Mtanzania anayeishi Minnesota, ana podikasti ya Kiswahili kuhusu malezi. Akanitumia mazungumzo yake na mzee mmoja wa Tanga, mtu wa miaka sabini na ushee. Mwanzo wa faili ulikuwa hivi: shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, habari za huko, salama, watoto je, hawajambo, na baba yao, yupo kazini anakusalimu. Nilishakesha na video za mafunzo zinazosema msikilizaji akichoshwa dakika ya kwanza anahama. Nikafyeka yote. Kipindi kikaanza na swali la kwanza, safi kabisa, nikajiona fundi.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti WhatsApp. "Mdogo wangu, kazi nzuri, lakini umenifanya nionekane nimemvaa mzee wa watu bila hata shikamoo. Mama yangu anasikiliza hiki kipindi." Nikafungua mradi, nikasogeza vipande vyote mbele, nikashika ukingo wa kipande cha kwanza nikauvuta kushoto. Salamu ikatokea pale pale ilipokuwa, haijapungua herufi. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda Reaper, na ndipo nilipojua ninacholipwa. Kukata anaweza yeyote, mteja analipia kujua kisichokatwa.

Kwa asiyeijua, Reaper ni programu ya kurekodi na kuhariri sauti inayotengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp. Wa umri wangu mtakumbuka Winamp kwenye kompyuta za intaneti kafe. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na faili lake la kusakinisha ni dogo mno, halikumaliza hata robo ya bando langu la siku. Unapewa siku 60 za kuijaribu bila kufungiwa kitu. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na hiyo hiyo inamtosha mwenye biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo ni dola 225. Programu ni moja, tofauti ni bei tu.

Nikiri: siku 60 zilipita nikaendelea nayo bila kulipa. Haizimiki, inakuwekea tu dirisha la kukukumbusha kila ukiifungua, na unasubiri sekunde chache kabla ya kulifunga. Nililitazama lile dirisha miezi minne. Malipo ya kwanza ya dada yalipoingia nikalipa kabla ya kununua kitu kingine. Kwa shilingi zetu ni laki na nusu na kitu. Iliniuma, halafu nikasahau.

Kabla yake nilikuwa na Audacity, ambayo ni ya bure na ipo tangu mwaka 2000. Sikuihama kwa ubaya. Nilijifunzia mle, na siku hizi nayo inakurudishia ulichopunguza kwenye klipu. Kilichonihamisha ni kasi. Kwenye Reaper nakata kwa herufi S, nafuta, na kila kilicho mbele kinasogea chenyewe kuziba pengo. Kipindi cha dakika 40 kilichokuwa kikinila saa sita, sasa ni saa mbili na nusu, nikiwa na laptop ya mtumba ya Kariakoo yenye RAM ya GB 8.

Huko kusogea kwenyewe, wanakokuita ripple, ndiko kutakakokutoa jasho. Kuna namna mbili: kusogeza traki moja tu, au traki zote kwa pamoja. Nilikuwa na traki ya mwendeshaji na traki ya mgeni, nikasahau imekaa kwenye traki moja, nikakata "eee" kama thelathini za mwendeshaji. Nilipokuja kusikiliza katikati ya kipindi, mwendeshaji anauliza swali la pili mgeni hajajibu la kwanza, na mgeni anacheka utani umeshapoa. Kosa langu, programu ilifanya nilichoiambia. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kitu, naangalia kile kitufe kama dereva anavyoangalia handibreki.

Usafi wa sauti sasa. Wengi wanaorekodi Dar wanarekodi chumbani, juu pangaboi, nje kunguru, na laptop iko kwenye chaja ya elfu kumi. Ile chaja inaleta mvumo wa chini, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, mvumo unakaa hapo kwenye 50, kisha 100, 150 na kuendelea. Video nyingi za mafunzo zinatoka Marekani, kwenye umeme wa hezi 60, wanakuambia ukate 60 na 120. Nilifuata hivyo wiki mbili nikijiuliza kwa nini mvumo hauondoki! Nikaja kufungua ReaEQ, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti kilichomo ndani ya Reaper, nikabana 50, 100 na 150 kwa mikato myembamba, ukanyamaza.

Kwa pangaboi natumia ReaFIR, kifaa kingine cha humo humo kinachoweza kupunguza kelele. Unaiweka kwenye hali ya Subtract, unaichezea sekunde chache ambazo hakuna anayeongea ili ishike sura ya kelele, kisha unaiambia iache kujifunza. Usipoiambia iache, itaanza kuiona sauti ya mtu nayo ni kelele na kuila. Hata ukifanya sawasawa, ukiizidisha mtu anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Mimi namwacha pangaboi asikike kidogo. Kunguru nao nawaacha, labda akilia juu ya neno muhimu.

Ukubwa wa sauti ndio sehemu ambayo Reaper imenipunguzia kazi kuliko zote. Apple wanapendekeza podikasti iwe karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), ikipanda au kushuka kwa 1, na kilele kisizidi desibeli -1. Spotify wao wanalenga -14. Wakati wa kutoa faili la mwisho kuna sehemu unaandika hiyo -16, na kikomo cha kilele, programu inapima yenyewe na kurekebisha. Mimi nakaa -16 kwa wateja wote. Kisha nafanya jaribio ambalo sijaliona kwenye video yoyote: napanda daladala na spika za masikioni za elfu tano, nasikiliza kuanzia Mwenge. Nikimsikia mgeni bila kuongeza sauti mpaka nishuke, kipindi kimeiva.

Sasa jambo ambalo hakuna video itakayokufundisha, na ndilo linalokupa mkate wewe unayesoma Kiswahili hiki. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mtu akiongea haraka maneno yanashikana kama ugali. Ukikata katikati ya "alikuja akaniambia" unasikika mkwaruzo, kwa sababu zile irabu mbili zimeshakuwa moja. Nimejifunza kutafuta k, t na p. Kabla ya kila k kuna kimya kidogo sana, hewa inapozibwa mdomoni. Ukivuta picha ya sauti uikuze utakiona, kama mwanya wa meno. Weka kisu hapo. Mtu akisema "ka-ka-kama nilivyosema", nakata mbele ya k ya kwanza na mbele ya k ya tatu, nasikia "kama nilivyosema" na hakuna anayejua.

Halafu kuna "yaani". Dada wa Minnesota anazo nyingi kuliko pilipili. Mwanzoni nilizifuta zote, akawa anaongea kama taarifa ya habari. Kuna "yaani" ya kutafuta neno, hiyo iende. Kuna "yaani" ya kushangaa, ya kuvuta, yenye pumzi nyuma yake, hiyo ndiyo mazungumzo yenyewe. Vivyo hivyo zile "ehee" na "enhe" za msikilizaji. Mhariri wa Kizungu angeziona ni kuingilia. Kwetu mtu akiongea dakika mbili bila kuitikiwa, anasimama kuuliza kama upo. Nazipunguza sauti kidogo, siziondoi zote.

Nilijaribu pia zile programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, ukifuta neno kwenye maandishi linafutika kwenye sauti. Wazo zuri. Lakini hiyo moja niliyoijaribu ilipokutana na "balozi wa nyumba kumi" iliandika vitu vya ajabu, na mzee alipochanganya Kisambaa ikanyoosha mikono. Nikarudi kwenye masikio.

Kupata kazi: hapa Reaper haikusaidii, na nisingependa mtu anunue leseni akidhani wateja watakuja nayo. Nilianza kwenye majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni. Fiverr wanachukua asilimia 20 ya unachopata, Upwork unatumia konekti, yaani pointi za kuombea, kila unapoomba kazi, na konekti zikiisha unanunua. Si wizi, masharti yapo wazi, ila piga hesabu kabla ya kutaja bei. Kwenye jukwaa moja ambalo sitalitaja nilipewa "jaribio" la kuhariri kipindi kizima cha saa moja na dakika kumi. Nikakesha. Nikatuma. Mtu akapotea, na wiki tatu baadaye nikakisikia kipindi hewani kikiwa na mikato yangu. Sasa jaribio langu ni dakika mbili, basi.

Hizo dakika mbili ndizo zilizonipatia kazi. Nilitafuta podikasti za Kiswahili ambazo maudhui yake ni mazuri na sauti yake ni mbovu, nikachukua dakika mbili za mwanzo, nikazisafisha, nikamtumia mwenyewe zilivyokuwa na zilivyo sasa, na ujumbe wa mistari mitatu wenye adabu. Mtu asikie sauti yake mwenyewe, si ya mfano. Niliwatumia watu kumi na mmoja. Wawili walijibu, mmoja ni dada, na dada ndiye aliyenipeleka kwa mwenzake aliyeko Uingereza. Soko jingine ambalo vijana wanalidharau ni la hapa hapa: mahubiri na mawaidha. Ramadhani iliyopita nilihariri darsa za ustadhi mmoja kila siku, fupi, traki moja, malipo kwa simu kila Ijumaa. Yale malipo madogo ya uhakika ndiyo yalilipa kodi wakati wa nje wakichelewa.

Bei zangu, maana najua mtauliza: nilianza na elfu kumi na tano kwa kipindi, ambayo ukigawa kwa saa sita ni aibu. Sasa kwa mteja wa ndani ni elfu sitini mpaka dakika 45, masahihisho ya awamu mbili yakiwa ndani. Awamu ya tatu inalipiwa. Wa nje nawatajia dola 45.

Nani asiinunue? Anayehariri sauti yake mwenyewe mara moja kwa mwezi, abaki na Audacity. Anayeogopa menyu pia afikirie, maana Reaper ukiifungua siku ya kwanza inafanana na duka la vipuri, kila kitu kipo na hakuna aliyekuonyesha rafu. Haiji na muziki wa kufungulia kipindi. Na mafunzo yake, hasa video za Kenny Gioia zilizoko kwenye tovuti yao, ni mazuri sana lakini ni ya Kiingereza na mengi yanawalenga wanamuziki. Nimetumia pengine sehemu ya kumi ya programu hii. Hizo tisa zilizobaki sizijui na sijazihitaji.

Ukiichukua, fanya jambo moja siku hiyo hiyo: unapohifadhi mradi, weka alama kwenye sehemu ya kunakili sauti zote kwenye folda ya mradi. Mimi nilikuwa naburuta sauti moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Binamu yangu akaichukua flashi kwenda kuwekea filamu, akaifuta kwanza, na nilipofungua mradi vipande vyote vilikuwepo na mikato yote ipo, sauti hakuna. Dada alikuwa bado na faili la asili. Akanitumia tena, na safari hii hakuacha kunisalimia kwanza.