Kozi ya umeme wa majumbani: miezi mitatu iliyomsimamisha mwanangu

Kijana wangu alimaliza kidato cha nne shule ya kata, akapata divisheni foo. Ada hatukulipa, maana hapa Tanzania elimu bila ada ilishaanza tangu 2016, ila miaka yote minne hakuna aliyemshikisha hata bisibisi. Kanuni ya Ohm aliikariri vizuri tu. Swichi ikiharibika nyumbani tunaita fundi.

Nikampeleka chuo cha ufundi stadi, kozi fupi. Nilichokipenda ni mwalimu wake. Kila mwanafunzi anafunga swichi, holda na soketi juu ya ubao, kisha mwalimu anavuta waya mmoja mmoja kwa kidole. Ukichomoka, unafungua vyote unaanza upya. Juzi nilimtazama mwanangu akibadili soketi ya friji dukani kwangu: alizima meni swichi, akapima kwa testa, akapima tena, ndipo akagusa. Machozi yalinilenga.

Lawama yangu ni vifaa: mita ya kupimia umeme moja, watu wanane. Na kukadiria gharama hawakufundishwa kabisa, kwa hiyo mwanangu alimtajia mteja wake wa kwanza bei isiyotosha hata nauli. Waongeze hilo, hata kwa wiki moja.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi kwa vitendo, sekondari. Naomba mbao zile za mazoezi zifike na shule yetu ya kata, pamoja na mita za kutosha. Mdogo wake yuko darasa la sita.