Nilikuwa Nimeacha Kuomba: Uchambuzi wa The Beautiful Letdown ya Switchfoot

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo sina spika mpya wala hedifoni za kufungua kwenye boksi. Nina hii hapa, ngoja niisogeze karibu na kamera muione vizuri. The Beautiful Letdown, albamu ya bendi ya Switchfoot, iliyotoka Februari 2003. Nyimbo 11, haifiki saa nzima. Kwa Kiswahili mimi huiita "Kuvunjika Moyo Kuzuri". Kuvunjika moyo kunakuwaje kuzuri? Shikilieni hilo swali, maana albamu yote imejengwa juu yake.

Kwanza niwaambie ilivyonikuta. Kuna kipindi nilikuwa nimeacha kuomba. Sikugombana na Mungu, wala sikumtangazia mtu kwamba siamini tena. Nilinyamaza tu, siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Kanisani nakwenda, nyimbo naimba, lakini ni midomo tu inayoimba. Nyimbo za sifa nilizokuwa nazo karibu zote zinaanzia kileleni: nimeshinda, nimevuka, adui yuko chini ya miguu yangu. Mimi nilikuwa sijavuka chochote. Sasa usiku mmoja nimelala chali sakafuni, simu iko kifuani, hedifoni masikioni, ukaingia wimbo wa 5, Dare You to Move. Mwimbaji anamchokoza mtu aliyeanguka, anamwambia haya, jiinue hapo sakafuni, jongea. Na mimi niko sakafuni kwelikweli, baridi ya saruji inanipanda mgongoni. Niliurudia wimbo ule mara tatu kabla sijakaa.

Kwa wasiowafahamu, Switchfoot wanatoka San Diego, California, nchini Marekani. Walianza mwaka 1996: Jon Foreman anaimba na kupiga gita, mdogo wake Tim anapiga besi, Chad Butler yuko kwenye ngoma. Jerome Fontamillas, mpiga kinanda na gita, aliingia baadaye, na hii ya 2003 yumo. Ni watu wa bahari, wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na jina la bendi limetoka hukohuko: ni kubadili mguu, ule uliozoea kukaa mbele uende nyuma, usimame kwenye ubao kinyume cha mazoea yako. Anayelijua neno la toba kwamba maana yake ni kugeuka, ameshanielewa.

Watu hubishana sana kama hii ni roki ya Kikristo au ni roki tu. Wenyewe msimamo wao ni kwamba wao ni Wakristo kwa imani, si kwa aina ya muziki. Na albamu hii iliuza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani, ikapigwa kwenye redio ambazo hazina habari na dini. Mimi ubishi huo siuingii. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hapa hutahubiriwa. Hakuna anayekuomba unyooshe mkono. Mtu anasema kinachomsumbua, na ukiwa una Biblia kichwani unaanza kusikia milango inafunguka mmoja baada ya mwingine.

Wimbo wa kwanza, Meant to Live, unaingia na gita zito, la kukuamsha. Unamhusu mtu anayeona dunia imempita, na ana hisia kwamba aliumbwa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko haya mabishano na majaribio yaliyoshindikana. Foreman aliutoa kwenye shairi la T. S. Eliot la mwaka 1925 kuhusu watu watupu, vichwa vimejaa majani makavu. Kisha kiitikio kinapasuka kama kilio. Mimi hapo hukumbuka Warumi 8, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na wimbo hautoi dawa. Umesema tu panapouma, basi.

Wimbo wa 2, This Is Your Life, ni swali moja linalorudiwarudiwa: wewe ndiye mtu uliyetaka kuwa? Ni mzuri, ila ukiwa umechoka unauma. Wa 3 na wa 4 sitakaa nao sana. More Than Fine ni mwepesi, na nikiwa mkweli ndio ninaouruka mara nyingi. Ammunition una nguvu kimuziki, na una neno moja la maana, kwamba tatizo ni sisi wenyewe, tusitafute wa kumlaumu. Lakini unalisema kwa kelele kuliko kwa kina.

Sasa njooni hapa katikati. Wimbo wa 5, wa 6 na wa 7. Nawaombeni msizisikilize kwa kuchanganya, zifuateni kwa mpangilio wao, kwa sababu hizo tatu kwangu ni njia moja.

Dare You to Move walishawahi kuutoa mwaka 2000, kwenye albamu ya Learning to Breathe, halafu wakaurekodi upya kwa ajili ya hii. Walifanya vizuri. Unaanza polepole, gita peke yake na sauti iliyotulia, halafu unapanda. Unasema kuna mvutano kati ya ulivyo na unavyoweza kuwa. Na kuna mahali anasema, kwa maneno yangu, kwamba huenda msamaha uko palepale ulipoanguka. Palepale! Mimi maisha yangu yote nilifikiri msamaha uko mbele, kwamba kwanza ninyanyuke, nijisafishe, ndipo nitaufikia. Someni Yohana 5, yule mtu aliyelala kando ya birika miaka 38. Yesu hakumsubiri afike majini. Alimkuta pale kwenye godoro lake, akamwambia asimame.

Wimbo wa 6, Redemption, ndio watu wengi hawauongelei, na ndio ulionitoa machozi. Una mstari mmoja ambao ukiupita haraka hutauona: anasema mikono yake ameiweka ubavuni mwa ukombozi, na makovu yaliyopo pale ni makubwa kuliko mashaka yake. Tulieni kidogo na picha hiyo. Huyo ni Tomaso, Yohana 20. Sisi tumemzoea Tomaso kama mtu wa kukemewa, jina lake tumelifanya tusi. Lakini angalieni kilichotokea: Yesu alimpa ubavu. Alimwambia alete mkono. Mwenye mashaka ndiye aliyeambiwa asogee karibu kuliko wenzake wote. Na huyu mwimbaji hasemi mashaka yangu yamekwisha. Anasema yapo, makubwa, ya kutisha, ila kidonda cha Bwana kina nafasi ya kuyaingiza yote humo. Mimi nilikuwa nadhani ukimya wangu ule wa miezi umenitoa nje. Siku niliyoushika mstari huo nilisema neno moja tu kwa sauti, "Bwana", na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Samahani. Tuendelee.

Wa 7 ndio uliobeba jina la albamu. Anasimulia siku alipoanguka vibaya, akabaki peke yake, na hapo ndipo alipojua kwamba utajiri wote wa dunia hii usingemtosha hata kidogo. Alikuwa anajitahidi sana afanane na wengine, akagundua yeye si wa hapa. Ndipo anaposema atabeba msalaba na wimbo kwenda mahali ambapo si pake. Ukitaka andiko lake ni Waebrania 11, wale waliokiri kwamba ni wageni na wasafiri duniani. Jibu la swali la mwanzoni liko hapo: kuvunjika moyo ni kuzuri pale kinapovunjika kitu ambacho kilikuwa kinakudanganya. Halafu mwishoni wimbo unafungua mlango wa kanisa la ajabu, kanisa la walioshindwa, wakosaji, walioachia njiani. Nilipousikia mara ya kwanza nilihisi nimeitwa kwa jina.

Kuhusu sauti, nisiwafiche. Ni rekodi ya 2003, na kama albamu nyingi za roki za miaka ile, sauti yake imepandishwa juu mno. Pale magita na ngoma zinapoingia pamoja, zinagombania nafasi, na besi ya Tim inamezwa. John Fields, mtayarishaji waliyefanya naye kazi, anajua kujenga kiitikio, hilo nampa, lakini ukisikiliza kwa sauti ya juu kuanzia wimbo wa 1 hadi wa 4 masikio yatachoka. Tumieni hedifoni nzuri na sauti ya wastani. Nyimbo za utulivu ndizo zinazofaidika zaidi.

Gone, wa 8, una mdundo wa kuchezesha kichwa, ila ndani yake ni kitabu cha Mhubiri kabisa: Elvis ameondoka, Sinatra ameondoka, waimbaji wakubwa wa Marekani wale, ndoto za shule zimeondoka, maisha ni siku moja isiyodumu. On Fire, wa 9, ni wimbo wa maombi, kinanda na sauti ya chini, na unaufaa usiku. Wa 10, Adding to the Noise, una jambo ambalo sijalisikia kwa bendi nyingi: unakuambia kama na sisi tunakuongezea kelele, basi uzime wimbo huu. Siku moja nikautii. Nikauzima katikati, nikakaa kwenye ukimya wa chumba, nasikia saa ya ukutani tu. Eliya alingoja upepo, tetemeko na moto vipite, ndipo ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Jaribuni. Dakika kumi tu, kisha mrudi kwenye wimbo wa mwisho.

Wimbo wa mwisho ni Twenty-Four. Foreman aliuandika mwaka wake wa 24 ukielekea kuisha, anahesabu: kushindwa 24, majaribio 24. Hakuna kishindo hapa. Albamu iliyoanza kwa mlio mzito inaisha kwa mtu mmoja anayeimba kama anaongea na aliye jirani naye. Anasema amepigana mweleka na malaika, akitaka zaidi ya jina. Mwanzo 32, Yakobo usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki. Yakobo alipewa jina jipya, ni kweli, lakini pia aliondoka pale anachechemea. Na huyu kijana anaomba Roho amchukue, akikiri kwamba kuna vitu vilivyokufa ndani yake ambavyo Mungu anavifufua. Anavifufua sasa, kazi bado inaendelea. Hajasema amevuka.

Mtaniuliza mchukue toleo gani, kwa sababu yapo mawili. Mwaka 2023, miaka 20 baadaye, waliirekodi albamu nzima upya. Anzeni na la 2003, maana lile la kwanza lina hamu ya vijana ambayo haiwezi kutengenezwa mara ya pili, pamoja na kasoro zake zote za sauti. Mkishalizoea, nendeni kwenye la 2023, mruke mpaka wimbo wa 11. Jon Foreman alikuwa na miaka 46 lilipotoka. Sauti imezeeka kidogo, ina mikwaruzo ambayo haikuwepo. Ile hesabu ya 24 imeshapitwa na miaka zaidi ya 20, na bado anaomba ombi lilelile, kwa maneno yaleyale.