Land Rover 109 ya mwaka 1978: miaka minne ya grisi kwenye kucha

Kila nikisimama kujaza mafuta naulizwa swali lilelile: "Hiyo bado inatembea?" Inatembea. Leo asubuhi imetoka Usa River hadi Unga Limited, mjini Arusha, na kurudi, na imedondosha matone manne tu ya oili uani. Nimeyahesabu, maana wiki iliyopita yalikuwa mawili.

Ni Series III, yaani toleo la tatu, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo ni ile ndefu. Niliikuta mwaka 2021 nyuma ya nyumba ya mzee mmoja huku Meru, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nikalipa shilingi milioni 4.5. Mke wangu alipoiona ikiletwa kwa kuvutwa na kamba aliuliza, "Umenunua banda?" Sikuwa na jibu, nikajifanya nafungua geti.

Utasikia watu wanasema Land Rover za zamani hazishiki kutu. Ni nusu ya ukweli. Bodi ni ya alumini lakini chasisi ni ya chuma, na pale vitu hivyo viwili vinapogusana panatoka unga mweupe kama chumvi, alumini inaliwa kidogo kidogo. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari la aina hii usidanganywe na rangi mpya. Lala chini na nyundo ndogo, uigonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama kopo lenye mchanga. Yangu ililia vizuri mpaka nilipofika kwenye boriti ya nyuma kabisa, ile yenye ndoano ya kuvutia tela, nyundo ikazama. Tulikata na kuchomelea chuma kipya kwa siku mbili. Katika fedha zote nilizotumia, hizo sijawahi kuzijutia.

Kuhusu spana sikuonywa na mtu. Magari yote niliyowahi kuyashika kabla ya hili yalikuwa ya Kijapani, nati ni za milimita 10, 12, 14, 17, basi. Hili limetoka Uingereza, na nati zake nyingi ni za inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na kwa nati iliyoganda miaka 40 huo mchezo mdogo unatosha kula kona zote sita. Niliharibu mbili ndipo akili ikanijia. Seti ya inchi niliipata kwa wauza vyuma vya mitumba, na ya 7/16, 1/2 na 9/16 ndizo zisizokauka mkononi mwangu.

Kuna jambo ambalo kila mwenye dizeli ya hivi anapaswa kulijua kabla hajaliwa fedha. Julai, baridi ya Meru imeshuka, gari likagoma kuwaka. Linazunguka, linatoa moshi mweupe, linanyamaza. Fundi wa kwanza akasema ni pampu. Pampu ikashushwa pamoja na nozeli, vyote vikapelekwa kupimwa, laki tatu na ushee zikaondoka. Vikarudishwa. Asubuhi yake, moshi mweupe uleule.

Nikamfuata mzee mmoja aliyezeeka na hizi gari. Nikamwamkia, nikamweleza hadithi yote ya pampu. Hakugusa pampu. Alichomoa taa ya kupimia, akaipitisha kwenye hita plagi, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwasha, moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa imekatika.

"Sasa moja tu, Mzee? Si zinabaki tatu?"

"Za hii hazibaki, mwanangu. Zimefungwa kwa mstari, umeme unapita hii ndiyo ufike ile. Ikifa moja, zimekufa zote nne."

Ndivyo zilivyotengenezwa, kama zile taa za zamani za mti wa Krismasi. Akanishauri nitoe zote, tuweke plagi za volti 12 ambazo kila moja inapokea umeme wake peke yake. Tukaweka. Sasa nahesabu hadi 15, nawasha, linashika. Mzee hakudai hata nusu ya fedha ya ile pampu.

Breki nazo zina hadithi yake. Magurudumu ya mbele ya 109 yana silinda mbili za breki kila moja, na upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, unapenda kujificha humo. Mara ya kwanza nilitoa upepo Jumamosi nzima. Binti yangu wa miaka 12 alikuwa kwenye usukani, mimi chini na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa ya soda.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia!"

Nafungua, mapovu yanapanda kwenye chupa, nafunga. "Achia."

Tulirudia mpaka akasema, "Baba, mguu umekufa ganzi, na nina mtihani Jumatatu." Pedali ilikuwa bado laini kama godoro. Kilichotusaidia ni kubana viatu vya breki mpaka vikagusa dramu, kutoa upepo tena, kisha kuvilegeza kidogo. Pedali ikasimama. Binti akashuka akitembea kama mtu aliyepanda Kilimanjaro, ila tangu siku hiyo akisikia kelele yoyote chini ya gari ananiambia inatoka upande gani, na mara nyingi amepatia.

Lawama yangu kubwa ni spea za uongo. Duka moja, silitaji, liliniuzia silinda za breki kwenye maboksi mazuri, "orijino kabisa, bosi". Baada ya miezi miwili mipira ilikuwa imevimba, mafuta ya breki yanachuruzika ndani ya tairi. Siku hizi silinda na sili naagiza Nairobi, kwa muuzaji ninayemwamini kule Grogan, mtaa wa spea, zinakuja na basi. Ghali kidogo, lakini nalala.

Barabarani? Kwenye lami ni adhabu, nisikufiche. Injini ilikuwa na nguvu farasi 62 hivi ilipokuwa mpya, na mpya ilikuwa zamani. Natembea 75, nikijisikia kijana 80, na malori yananipita yakinipigia honi. Usukani hauna pawa. Kuegesha mjini ni mazoezi ya mabega. Mkiwa wawili mnaongea kwa kupigiana kelele, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa juu na kutua kwenye goti langu la kulia. Goti hilohilo kila siku. Nimeziba kila tundu ninaloliona, bado linalowa. Mafuta inakula lita moja kwa kilometa 9 hivi, si mbaya.

Lakini iache lami pale Mto wa Mbu, ushike njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron. Pale ndipo inapobadilika na kuwa gari lingine. Kuna kirungu cha njano sakafuni: ukikibonyeza, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Kando yake kuna mkono mwekundu: unasimama, unauvuta nyuma, na sasa una gia nzito. Kwenye korongo lenye mawe makubwa mimi huweka gia ya kwanza nzito na kuondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Gari linashuka lenyewe, polepole, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, springi zinalia, vyombo vinagongana nyuma, na ile volkano ya Ol Doinyo Lengai imesimama mbele ya kioo. Vumbi jembamba linaingia hadi kwenye sukari. Chai yetu ya Ngaresero, kijiji cha kando ya Natron, siku zote ina ladha hiyo.

Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwa lile tamasha lao, nami nilikuwa kwenye msafara. Kwa ule mwendo wa kinyonga ikachemsha mbele za watu, mvuke juu kama birika. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea na kupasuka kando. Kabla sijafungua boneti vizuri watu watatu nisiowajua walikuwa wamesimama na maji, na mmoja akatoa mkanda wa akiba nyuma ya gari lake, akakataa fedha. Mpaka leo sijui jina lake.

Kwenye daftari langu, ukiacha bei ya kununua, imeshameza zaidi ya milioni 7. Ukitaka kufika porini na kurudi bila maswali, nunua Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ; spea zake zipo kila mji na fundi yeyote anaijua. Ukiwa na gari moja tu la kwendea kazini, hii usiiguse. Yangu ni ya Jumamosi. Kwa matumizi ya porini naipa nyota tano, kwa mjini mbili, na moja kati ya hizo mbili ni kwa sababu trafiki wengi wananisimamisha kuzungumzia gari tu.

Yale matone manne ya oili yanatoka kwenye sili ya difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Sili mpya inaingia na basi la kesho jioni, na binti ameshauliza kama safari hii kuna kukanyaga breki. Nimemwambia hapana, ni kushika tochi tu.