Nimelipa ili nijifunze kutopigwa

Siku ya kwanza ya warsha mama alinipigia simu kutoka Makunduchi, Unguja. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia niko ukumbini, hapa London, najifunza kupigana.

"Unalipa?"

Nalipa, mama.

"Kiasi gani?"

Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akasema: "Wiki hii ungekuja nyumbani ungepigwa bure."

Alikuwa na haki. Ilikuwa Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Kwetu wanaume wanatandikana uwanjani kwa vipande vya migomba, na sie wanawake tunapita pembeni tukiimba maneno ambayo siku nyingine huwezi kuyatamka mbele ya mkweo. Mimi nikawa nimevaa suruali ya mazoezi na mtandio niliopiga pini tatu, nimesimama mbele ya kijana nisiyemjua, tunaambiwa tutazamane machoni.

Naandika haya kwa waigizaji wenzangu wa Kiswahili mlioko huku, maana wengi mmeniuliza kama zile wiki mbili za mapigano ya jukwaani zina thamani ya pauni 640. Jina la warsha silitaji. Nina malalamiko, na mwalimu mwenyewe ni mtu mwema. Anayetaka kwenda aniulize pembeni.

Kilichonipeleka ni sikio langu la kushoto. Kikundi chetu kinacheza michezo mifupi kwenye shughuli za Idi na harusi, na sisi kofi la jukwaani ni kofi. Tumekua hivyo tangu skuli: ukipigwa kwa uwongo watazamaji wanacheka, kwa hiyo pigwa kweli. Mwezi wa tatu mwenzangu anayecheza mume wangu alinizaba kofi likaingia vizuri mno, na sikio likalia siku mbili kama redio iliyokosa stesheni. Daktari akasema kiwambo kimesalimika, ila akaniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza habari za nyumbani kwangu. Kumweleza kuwa ulikuwa mchezo wa kuigiza ilikuwa kazi.

Ukumbi uko Hoxton, mashariki ya London, ghorofa ya chini. Mwalimu ni mama wa miaka sitini hivi, mfupi, sauti ya chini, goti moja limefungwa bendeji. Asubuhi ile, kabla ya kugusa chochote, alitugawia karatasi. Uliumia wapi zamani? Sehemu gani ya mwili hutaki iguswe? Halafu akapita kwa mtu mmoja mmoja, pembeni. Kwangu aliuliza kuhusu mtandio, kwa sababu siku ya pili kulikuwa na somo la kuvutwa nywele. Akaniuliza mwenyewe naonaje. Tukakubaliana nivutwe sikio. Na Ijumaa akasogeza mapumziko ya mchana ili niwahi kuswali, bila kulitangaza wala kunifanya nijione mzigo. Hilo peke yake nimeliwekea alama ya juu. Nimefanya kazi na waongozaji wa kwetu, Waislamu wenzangu, wasiokumbuka.

Sasa niseme kile nilichokilipia, maana hapa ndipo pesa yangu ilipohalalika.

Siku tatu nzima hatukupiga chochote. Tulipimana umbali. Unanyoosha mkono umekunja ngumi, na kati ya ngumi na mwili wa mwenzako lazima ibaki nafasi ya kiganja. Kwa hiyo hata nikipagawa, hata nikisahau kila kitu, ngumi haifiki. Mtazamaji haoni nafasi hiyo kama mmesimama sawa, mmoja akiwa mbele ya mwenzake kwa upande wa watazamaji. Hilo lilinichekesha na kunisikitisha pamoja, kwa sababu miaka yote sisi tunapigana tukiwa tumesimama ubavu kwa ubavu kama watu wanaopigwa picha ya harusi, kila kitu kinaonekana, na ndiyo maana tulilazimika kupigana kweli. Na pale watu wanapokaa duara kutuzunguka, kama kwenye shughuli zetu nyingi, mwalimu alisema waziwazi: kofi hilo usilitumie, kuna mtu ataona upenyo. Tafuta namna nyingine, msukumo au kushikana.

Kisha mpango wenyewe. Anayepiga anatoa ishara, mkono unarudi nyuma. Anayepigwa anaanza kwenda. Ndipo mkono unapita. Yaani anayepigwa anaanza kabla ya anayepiga! Nilibishana nalo kutwa. Mwili wangu ulikuwa unangoja kofi, kwa mazoea. Mwalimu akanisimamisha, akasema, "Wewe ndiye unayeendesha. Yeye anakufuata tu." Na kwenye kuvutwa sikio ndipo nilipoelewa. Mwenzangu anaweka ngumi iliyofungwa kando ya kichwa changu, hashiki kitu. Mimi ndiye ninayeukamata mkono wake kwa mikono yangu miwili na kuubana kichwani kwangu, na mimi ndiye ninayekwenda, namburuta yeye. Kwa mtazamaji naburutwa mimi. Nikitaka kusimama, namwachia tu mkono. Mume wangu nilipomwonyesha jikoni usiku ule alikataa kuamini mpaka tulipobadilishana, akawa yeye anayevutwa, na mwanetu akaja mbio akilia kwamba namuua baba.

Sauti ya kofi nayo ina jina lake, napu. Kuna anayejipiga paja, kuna anayejipiga kifua, na kuna ya kusaidiana: anayepigwa anaweka kiganja chini, kinapigwa hapo. Mimi napu yangu ni ya paja. Wiki ya kwanza ilipokwisha paja lilikuwa jeusi kuliko sehemu yoyote niliyowahi kupigwa, na hilo sikumwambia mama.

Kuanguka tulifundishwa kwa haraka, na vizuri. Toa pumzi, shuka chini kwanza, anza na nyama: shavu la mguu, paja, kalio, kisha mgongo. Kiwiko na kifundo cha mkono visiguse sakafu. Tatizo ni sakafu yenyewe. Ilikuwa zege lililotandikwa plastiki inayofanana na mbao, na magodoro yalikuwa sita. Tangazo lilisema wanafunzi 12. Tulikuwa 18. Sasa fanya hesabu: theluthi moja wanaanguka, theluthi mbili wamesimama wanakunywa maji. Kuna mchana nilianguka mara nne tu kutwa nzima. Kwa pesa ile, kila kuanguka kwangu kulikuwa na bei ya chakula cha mgahawani.

Wiki ya pili vikaja vyuma. Upanga mrefu mwembamba mkono wa kulia, jambia la kushoto. Nilidhani vitakuwa vya bati. Ni chuma kweli, uzito kama kilo moja kwa upanga, ncha imeviringwa, makali hayapo. Vinaletwa kwenye masanduku yenye kufuli, kwa sababu mji huu hupandi basi na upanga mkononi, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda na wake nyumbani. Nyumbani nilifanya mazoezi na mwiko wa wali na kijiko cha mchuzi. Asubuhi kila mtu anapitisha kitambaa kwenye ukingo wa upanga wake. Kikinasa, kuna kijino cha chuma kilichochimbuka vilipogongana jana, na kijino hicho kinakata kuliko upanga wenyewe. Unachukua tupa, unakisaga mpaka kitambaa kipite. Kazi hii niliipenda mno. Ilinikumbusha wavuvi wakikagua nyavu.

Kukinga kuna namba. Kwa hesabu yao, moja na mbili ni za chini, tatu na nne za juu, tano ni ya kichwa. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, na mwenzangu kijana akaanza kuhesabu hivyo hivyo, kwa hiyo yuko Mwingereza mmoja mji huu ambaye anapigwa upanga kichwani akisema "tano".

Mchana mmoja mwalimu alitupitisha mitaa ya Hoxton tukila mikate yetu. Zamani hapo palikuwa viwanja, na Septemba 1598 ndipo Ben Jonson, mwandishi wa michezo, alipopigana na mwigizaji Gabriel Spencer akamuua. Alinusurika kitanzi kwa sababu alijua Kilatini: sheria ya wakati ule ilimpa nafuu aliyeweza kusoma kama kasisi. Wakamchoma alama gumbani wakamwacha. Mwingine, Richard Tarlton, mchekeshaji aliyependwa sana na Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwaka 1587 alipewa daraja la ufundi wa upanga na chama cha mafundi wenyewe. Mwalimu alitaka tuelewe kwamba watazamaji wa zama zile walijua upanga. Wengi wao walikuwa wamevaa kisu kiunoni. Mwigizaji akishika vibaya wanazomea. Nikawafikiria wazee wa Makunduchi: wao pia huwadanganyi jinsi mgomba unavyoshikwa.

Nusu siku ya bunduki ilikuwa ya maneno matupu, hakuna aliyeshika kitu, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Walitueleza habari ya Jon-Erik Hexum, mwigizaji wa Marekani, ambaye mwaka 1984 alijiwekea kichwani, kwa mzaha, bastola yenye baruti tupu isiyo na kichwa cha risasi, akavuta. Nguvu ya mlipuko ilitosha kumuua. Chumba kilinyamaza. Tukaenda kunywa chai.

Sasa malalamiko makubwa: mtihani.

Siku ya mwisho anakuja mtu wa nje kuwatahini. Mnacheza kipande chenye maneno na mapigano, wawili wawili, mnapata cheti. Ada yake pauni 95, mbali na zile 640, na hilo liliandikwa chini kabisa ya tangazo kwa maandishi ya sisimizi. Ningelipa bila kinyongo kama mtihani usingeila sehemu kubwa ya wiki ya pili. Kuanzia Jumatano hatukufundishwa jambo jipya hata moja. Tulikuwa tunarudia kipande kilekile, na msaidizi wa mwalimu, kijana anayejipenda kwenye kioo, akawa anapiga makofi: haraka, haraka zaidi, mtahini anataka kuona moto. Huku wiki nzima ya kwanza tumeambiwa polepole, robo ya mwendo, kisha nusu, na kwamba hata maonyesho ya kweli, kila siku kabla ya watu kuingia, waigizaji hupitia pigano lao taratibu kwanza. Yote hayo yakasahaulika.

Alhamisi, saa nane na ushee, kipini cha upanga kikampata kijana mmoja puani. Damu. Si ile ya sharubati ya mahindi na rangi tuliyopika Jumanne, tukaitia sabuni kidogo ya vyombo ili itoke kwenye nguo. Ya kweli. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta nyingi na barafu hakuna, ikabidi nikimbie duka la kona nikanunua mfuko wa njegere zilizogandishwa. Pua haikuvunjika, alhamdulillah. Mwalimu alikuwa chumba cha pili na kundi jingine, kwa sababu tulikuwa 18 na hatukuenea. Alipoingia hakupandisha sauti. Alisimamisha kila kitu, akaandika tukio kwenye daftari, akamwambia msaidizi akae kwenye kiti, na sote tukafanya kipande chetu robo ya mwendo mpaka jioni. Kipande chetu kilikuwa kizuri zaidi saa ile kuliko siku nyingine yoyote. Kesho yake mtihani ukafanyika kama ulivyopangwa.

Nilipita. Nilisahau mstari mmoja, nikaujaza kwa "ewe mwovu!" kwa Kiswahili, mtahini akaandika kitu. Cheti kina tarehe ya kumalizika. Marekani pia ndivyo, kwa wale wa SAFD, chama cha waongozaji wa mapigano ya jukwaani kilichoanzishwa mwaka 1977: ukipita, baada ya miaka 3 unatahiniwa upya. Sioni ubaya, mwili unasahau. Ila kwangu mimi ninayecheza kumbi za Idi, hakuna atakayeniomba cheti.

Kilichonifaa kilionekana Agosti, kwenye mchezo wetu. Nilimfundisha yule mume wangu wa jukwaani jioni tatu. Umbali, ishara, paja. Siku yenyewe akatoa kofi, nikaenda, napu ikalia, na mstari wa mbele Bi mmoja mtu mzima akasimama na mkoba wake mkononi: "Wee! Mtoto wa watu huyo!" Alimfuata mwenzangu hadi nyuma ya pazia. Ilibidi nitoke nimwonyeshe shavu, shikamoo Bibi, sijaguswa. Hakuridhika.

Kwa hiyo, mkiniuliza, wiki ya kwanza nendeni hata kwa kukopa. Nendeni na viatu bapa visivyoteleza, kinga za magoti hata wakisema si lazima, na glavu za ngozi zenu wenyewe, maana za pale zimevaliwa na watu wengi na zinanuka. Ya pili nendeni kama mnataka kazi za filamu huku na cheti kitawafungulia mlango.

Nilimwandikia mwalimu haya yote mwezi uliopita. Alinijibu kwa barua ndefu. Mwakani wanahamia ukumbi wenye sakafu ya mbao, msaidizi amebadilishwa, na kutakuwa na wiki moja isiyo na mtihani, watu 12. Nikamuuliza kama safari hii 12 ni 12. Hilo bado hajalijibu.