Mpango wa taifa au wa kaunti: upi uufuatilie?

Kwa mkazi wa Nairobi, mipango 2 ya miaka mitano inagusa maisha yake kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni Mpango wa Muda wa Kati wa taifa, unaotekeleza Ruwaza ya 2030, yaani dira ya maendeleo ya muda mrefu ya Kenya, kwa awamu. Awamu ya sasa, ambayo ni ya nne, ni ya 2023 hadi 2027. Huu hubeba mambo makubwa kama reli, umeme na barabara kuu, na maamuzi yake hufanyika mbali na mwananchi.

Wa pili ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, nao ndio ninaouthamini zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo, mtaro usiotajwa humo hauna msingi wa kudai bajeti. Katika kikao kimoja cha wadi yetu, mama muuza mboga alisimama, akaonyesha viatu vyake vilivyojaa matope, akaomba mtaro wa soko utajwe waziwazi katika mpango huo. Ombi la namna hiyo halina mlango katika mpango wa taifa.

Hata hivyo, kaunti hutegemea sana mgao wa Hazina ya Taifa, na mgao ukichelewa, mtaro ule hubaki karatasini. Ndiyo maana mimi husoma pia bajeti ya kila mwaka, inayoanza Julai 1.